Taa Mnaitundika Wapi?

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mwezi wa sita nilirudi Kigoma nikitokea Nairobi, nilikokwenda kwa mafunzo ya wiki sita ya hadubini za leza, nikamkuta baba mdogo kule Katonga hana pa kwenda. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyavu zimemjaa mapajani, anaziba matundu ambayo, kwa kauli yake mwenyewe, mengine aliyatoboa yeye ili apate kazi.

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Kipande cha ini la panya, mishipa inang'aa kijani kwenye weusi, kama unavyoziona ziwani usiku wa giza taa za mitumbwi ikiwa kazini. Kila niliyemwonyesha picha zile alikuwa ameniuliza mambo mawili tu: mashine hiyo bei gani, na inatibu nini. Baba mdogo akanirudishia simu, akakata uzi kwa meno, akauliza, "Taa mnaitundika wapi?"

Niko maabara mwaka wa kumi na moja huu na sijaulizwa swali la maana kama hilo.

Watu wengi wakisikia hadubini wanafikiria lenzi. Lenzi unainunua, imekwisha. Mwanga lazima uupange mwenyewe, na uupange tena kesho, kwa sababu mwenzako wa zamu ya usiku ameuvuruga. Kituo changu cha kwanza cha kazi, ambacho sitakitaja, kilikuwa na hadubini mbili. Moja ilikuwa na kondensa iliyoshushwa mpaka mwisho na skrubu zake zimeshika kutu. Kondensa ni ile lenzi ya chini ya meza ya hadubini, inayokusanya mwanga na kuupandisha kwenye slaidi. Nadhani kuna mtu aliishusha zamani mwanga ulipomuumiza macho, waliokuja baada yake wakaikuta hivyo, wakaamini ndivyo ilivyotoka kiwandani. Mimi nilisomea slaidi za malaria kwenye kitu kile miezi minne.

Sasa, ukiwa na lenzi ya mia, ile inayokuza mara mia, na tone la oili huku kondensa iko chini, kila seli ya damu inajizungushia ukingo mweusi na kumetameta kama imepakwa mafuta. Pete changa ya kimelea cha malaria ni kitu kidogo mno: kauzi ka samawati kilichojikunja, na kitone chekundu pembeni. Inamezwa na mmeto ule. Siku moja nikaandika "hakuna vimelea" kwenye slaidi ya mtoto aliyekuwa anatetemeka nje kwenye benchi, amefunikwa kitenge cha mama yake. Mzee mmoja wa maabara, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akaichukua slaidi ileile kwenye hadubini ileile. Lenzi hakuzigusa. Alidondoshea skrubu mafuta ya taa, akasubiri, akapandisha kondensa taratibu kwa kidole kimoja, akafungua diaframu, kile kitundu kinachopanuliwa na kufinywa kupimia mwanga, akanipisha nikae. Pete zilikuwepo. Ya kwanza niliiona kabla hata sijasogeza slaidi.

"Damu ni ileile," akasema, akaenda kunywa chai.

Alichokifanya mzee yule kilishaandikwa mwaka 1893 na Mjerumani August Köhler. Enzi hizo ukimulika sampuli moja kwa moja, sura ya taa yenyewe inajichora juu ya unachokitazama. Aliyewahi kukodolea macho karabai anaujua ule wavu wa kisoksi chake. Fikiria wavu huo umelala juu ya kipande chako cha ini. Köhler akazipanga lenzi ili sura ya taa iangukie mahali ambapo jicho haliitazami, na kila kitone cha taa kimulike uwanja mzima. Upande wenye mng'ao mkali na upande uliofifia vinachanganyika, uwanja unakuwa sawa. Namna ya kuupanga inachukua nusu dakika: funga diaframu ya taa mpaka uone duara dogo la mwanga, pandisha kondensa mpaka kingo za duara zikate kama wembe, lilete katikati kwa zile skrubu mbili, kisha lifungue mpaka lipotelee nje ya uwanja. Kila mwanafunzi wa mazoezi anayepita kwangu namfanyisha mara ishirini. Wananichukia wiki ya kwanza.

Nairobi nilikutana na mnyama mwingine. Huku kwetu nyama tunaitazama ikiwa imekatwa: inalowekwa fomalini, inagandishwa kwenye nta, inachanwa vipande vya mikromita 4 au 5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), inapakwa rangi. Kipande chembamba hivyo mwanga unapita bila taabu. Ila ukitaka kujua mshipa umepinda vipi ndani ya ini, au neva inapita wapi kwenye ubongo, inabidi uitazame nyama nene ikiwa nzima. Hilo ndilo lililomsumbua Marvin Minsky pale Harvard katikati ya miaka ya 1950. Akaunda hadubini inayomulika nukta moja tu kwa wakati, na kuitazama nukta hiyohiyo kupitia kitundu kidogo, ili mwanga unaotoka juu au chini yake ugonge ukuta wa kitundu usifike. Aliombea hataza mwaka 1957, akapewa 1961. Leza ya kwanza iliwaka 1960, kwa hiyo yeye alianza na taa ya arki, na uvumbuzi wake ukakaa miaka mingi ukiisubiri taa inayoufaa. Leo hadubini za aina hiyo, zinazoitwa konfokali, ndizo mwanafunzi wa hadubini za leza anazokutana nazo kwanza. Sampuli inapakwa rangi inayong'aa ikipigwa na leza, mwale unapita nukta kwa nukta kama mtu anayedona mahindi, kompyuta inajenga picha.

Wiki ya pili nikaharibu. Nilianza juu juu ya kipande changu, mikromita 20, picha safi. Nikashuka hadi 80, ukungu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha nguvu ya leza, nikapandisha. Kukaonekana kidogo. Nikashuka tena, nikapandisha tena. Kufika mikromita 100 na kitu nilikuwa natazama uji. Nikaamua kurudi juu na kuvuta picha iwe pana, na hapo nikauona: katikati ya kijani kulikuwa na mraba mweusi, kingo zimenyooka, kama nyumba moja iliyokatiwa umeme mtaa mzima ukiwaka. Kila molekuli ya rangi ina idadi ya mara inazoweza kung'aa, ikizimaliza imekufa. Mimi nilikuwa nazimaliza, tena siyo pale nilipokuwa natazama tu. Mwale wa konfokali unaingia kama faneli. Ukitaka nukta moja ya chini, umeshachoma kila kitu kilichoko juu yake na kilichoko chini yake. Kitundu cha Minsky kinakuzuia usivione vitu hivyo. Kuungua vinaungua palepale.

Mkufunzi wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akatazama ule mraba. "Ni sawa," akasema. "Kila mtu hulipa ada hiyo."

Nikamsimulia baba mdogo kisa hiki chote, mpaka kitundu. Alikuwa mbele yangu.

"Luiche," akasema.

Mto Luiche unaingia ziwani kusini ya Ujiji. "Masika Luiche ikimwaga matope, washa karabai pale uone. Unaona nini? Matope. Leta karabai ya pili, unaona matope zaidi. Dagaa wapo chini, hawajui hata kama umekuja."

Jaribu mwenyewe usiku huu. Washa tochi ya simu, ibane kwa ncha za vidole. Vidole vinawaka vyekundu, maana yake mwanga umepenya mpaka upande wa pili. Lakini mfupa huuoni, wala kivuli chake chenye ukingo. Nyama siyo giza, ni tope. Imejaa vitu vidogo, mafuta, nyuzi, viini vya seli, na kila kimoja kinaukunja mwanga kidogo kuuelekeza kwingine. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayoingia imenyooka inatoka baada ya kugongwa mara nyingi, haikumbuki ilitoka wapi. Samawati inatawanywa kuliko nyekundu, na damu inaimeza samawati na kijani, ndiyo maana vidole vyako havikuwaka kijani. Kwa hiyo unapoongeza nguvu ya leza juu ya nyama nene, sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inakwenda kuling'arisha tope lililoko kati yako na unachokitafuta.

Dawa mojawapo ni kuihamisha taa. Usimulike kutoka unapotazama, mulika kwa ubavu. Mtoto yeyote aliyelala kwenye nyumba ya bati kuukuu anajua mwale wa jua ukipenya tundu la msumari, na vumbi ambalo huwezi kuliona kwa namna nyingine yoyote likicheza ndani yake. Mwaka 1903 Siedentopf na Zsigmondy huko Ujerumani walitumia ujanja huo: wakapitisha mwanga kwa ubavu kwenye kioo chekundu, wakaona chembe za dhahabu ndogo kuliko hadubini ya kawaida inavyoweza kuzipambanua. Zsigmondy alipata Nobeli ya kemia ya 1925. Halafu jambo likalala kwa sehemu kubwa, mpaka miaka karibu mia baadaye, 2004, kikundi cha Heidelberg kikaulaza mwanga wa leza uwe bapa kama karatasi na kuuchomeka kwa ubavu ndani ya viinitete vya samaki na vya nzi, kamera ikitazama kutoka juu. Kinachomulikwa ni tabaka linalotazamwa. Matabaka mengine yamelala gizani, rangi zake ni nzima. Kiinitete kinaweza kutazamwa kikikua, moyo unaanza kupiga, bila kuokwa.

Samaki anayetumiwa sana siku hizi ni mdogo mwenye milia, asili yake Asia ya Kusini, na mayai yake ni maangavu kama glasi. Baba mdogo akataka kujua ukubwa wake. Nikamwambia kama dagaa tu, sentimita tatu au nne. Akaniangalia kwa huruma. "Na baada ya hapo mnamla?"

Karatasi ya mwanga nayo ina ubaya wake, na ubaya huo mvuvi anaujua. Ikikutana na kitu kinachozuia, labda jicho jeusi la samaki au kinyweleo, nyuma yake kunabaki kivuli kirefu, picha inachorwa michirizi kama kanzu ya mistari. Zamani baba mdogo alikuwa na karabai moja, na ubavu wa mtumbwi wenyewe ulitia kivuli majini upande wa pili. Dagaa walisimama kwenye mpaka wa kivuli, hawaingii. Akaongeza ya pili ng'ambo. Wenye leza wakafanya hivyohivyo: wakamulika kutoka pande mbili. Kisha 2007 Huisken na Stainier wakauyumbisha mwanga wenyewe, unapiga kutoka pembe hii, unapiga kutoka pembe ile, haraka kuliko kamera inavyopiga picha moja. Kila pembe ina kivuli chake, ila vivuli havikai mahali pamoja, vinafutana. Kuna pia miale ya Bessel, iliyoonyeshwa mwaka 1987, ambayo ikigongwa njiani inajijenga tena mbele kidogo, kama maji ya ziwa yanavyolizunguka jiwe na kukutana upande wa pili. Kwenye karatasi za wataalamu inasisimua sana. Niliowauliza Nairobi walisema ina pete za mwanga kuzunguka kiini chake, nazo zinamulika ambacho hukuomba kimulikwe. Nimeiweka kwenye orodha ya vitu vya kuamini nikiviona.

Njia ya pili ni kubadilisha aina ya mwanga, na hii nakiri ilinipa shida kuielewa mpaka nilipofikiria mlango wenye makomeo mawili. Mtu mmoja akija akasukuma, akaondoka, halafu akaja wa pili, haufunguki. Waje wawili kwa pamoja. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kwamba molekuli inaweza kumeza fotoni mbili dhaifu zikifika wakati mmoja, na kufanya kazi ya fotoni moja yenye nguvu. Mwanga wa taa yoyote ya wakati ule ulikuwa umetapakaa mno fotoni zisikutane kirahisi. Mwaka 1990 Denk, Strickler na Webb wakaitumia hesabu ile kwenye hadubini, kwa leza inayotema mwanga kwa vipigo: kipigo kimoja ni kama femtosekunde 100 (femtosekunde ni sekunde ikigawanywa mara milioni bilioni), na kwa kawaida kuna vipigo milioni 80 kila sekunde. Mwanga wake ni ule mwekundu uliopita upeo wa jicho, ambao tope la nyama haliutawanyi sana. Na uzuri uko hapa: ukiongeza mwanga mara mbili, mng'ao unaongezeka mara nne. Ukiupunguza, mng'ao unaanguka kwa kasi hiyohiyo. Juu ya nukta mwale bado mpana, fotoni hazikutani. Chini ya nukta umeshatawanyika. Panapong'aa ni pale ncha ya faneli tu, na kitundu cha Minsky hakina kazi tena. Kwa njia hii watu wanatazama ubongo wa panya aliye hai kwa kina cha mamia ya mikromita. Bei ya leza yake siitaji hapa, nisije nikaharibu siku ya mtu.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, pengine kwa sababu nililelewa nayo. Mama yangu anakaanga vitumbua kwa mawese. Tukiwa wadogo alivifungia kwenye kurasa za daftari zilizokwisha, na palipoloa mafuta uliweza kusoma hesabu za upande wa pili. Karatasi ni nyeupe kwa sababu ya nyuzi na hewa iliyo katikati yake: kila mwanga unapotoka hewani kuingia kwenye uzi unapinda na kurudishwa. Hewa ina kipimo cha kupinda mwanga cha 1.00, uzi kama 1.5. Mafuta yakiisukuma hewa nje yakakaa mahali pake, yenyewe yakiwa karibu na 1.5, mwanga haujui tena kama umevuka mpaka. Unapita. Ndiyo maana hata sisi wa malaria tunadondosha oili kati ya slaidi na lenzi ya mia: kioo 1.52, oili 1.515.

Nyama nayo unaweza kuifanyia hivyo. Unaikausha maji, unaitoa mafuta yake, unaijaza kimiminika chenye kipimo kinacholingana na protini zake. Mwalimu wa anatomia Werner Spalteholz wa Leipzig alikuwa akivifanya viungo vizima kuwa angavu mwanzoni mwa karne ya 20, na kimoja kati ya vimiminika vyake ni methili salisileti, ambacho pua yako inakijua: ndiyo harufu ya dawa ya kuchua misuli. Wiki ya tano chumba chetu kilinuka kama chumba cha wachezaji baada ya mechi. Nilitia pande la figo ya panya, rangi ya udongo, kubwa kama punje ya haragwe, kwenye bakuli la kioo. Baada ya siku kadhaa likageuka kama jeli ya njano hafifu. Nikaweka bakuli juu ya gazeti, nikasoma neno "hakimu" kupitia ndani ya figo. Leza ileile iliyonishinda kwenye mikromita 100 ilipita kama hakuna kitu, kwa nguvu kidogo, bila kuunguza mraba wowote.

Bila shaka figo ile ilikuwa maiti. Mnyama hai humtumbukizi kwenye dawa ya kuchua.

Limebaki jambo moja dogo, lisilo na tuzo wala hadithi, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu picha nyingi kuliko mengine yote. Mwale wa leza ukiutandaza kwenye uwanja hauko sawa: katikati mkali, pembeni unafifia. Tena kwa kuwa mawimbi yake yanakwenda kwa hatua moja, yanagongana na kuacha chenga chenga kama televisheni ya zamani. Watu wanautikisa waya wa kioo unaoleta leza, au wanazungusha kioo chenye ukungu mbele yake, au wanaweka lenzi ndogondogo zilizopangwa kama sega la nyuki, kila moja ikimulika uwanja mzima. Hiyo ya mwisho ni mawazo ya Köhler yamerudi kwa mlango wa nyuma. Ukikosa vyote hivyo, piga picha ya slaidi inayong'aa sawasawa, uigawe picha yako kwa picha hiyo. Niliporudi kazini nilianza kufanya hivyo na kamera yetu ya kawaida, kwa kupiga sehemu tupu ya slaidi. Hakuna gharama. Mwenzangu anaiona ni mbwembwe.

Agosti ziwa likafunguliwa. Baba mdogo alikuwa amenunua taa mpya ya betri na sola, kali sana, akaniita nikaione kwa sababu, alisema, inatoboa. Usiku tukaiwasha ufukweni, akaielekeza majini. Kweli ilikuwa inatoboa: katikati doa jeupe la kuumiza macho, hatua mbili pembeni giza tupu. Nikakata kipande cha dumu jeupe la lita 20, nikakifunga kwa waya mbele ya taa. Doa likayeyuka, mwanga ukatandaa laini kila upande mpaka mawe ya chini yakaonekana. Nilisimama pale nikijipongeza kimoyomoyo.

Siku nne baadaye akapita nyumbani na nusu debe la dagaa. Juu yake alikuwa ameweka lile bamba langu la plastiki, limeoshwa.

"Limepunguza ukali," akasema. "Nimeliondoa usiku wa pili. Chukua kafanyie hadubini yako."